Mpangaji wa Nusu Nusu

Marehemu Saulo alipokuwa hai, kukusanya kodi ilikuwa kazi ya kukohoa tu. Jumamosi ya mwisho wa mwezi alikuwa akisimama katikati ya ua, anakohoa mara moja, na wapangaji wote wanatoka vyumbani na hela mkononi. Basi mjane wake Tusekile, siku ya kwanza alipolazimika kuifanya kazi hiyo mwenyewe, naye alikwenda akasimama palepale uani, akakohoa. Ulifunguka mlango mmoja tu. Alitoka Verediana, muuza maandazi wa chumba cha pili, kikombe cha tangawizi mkononi.

"Pole, Mama Atu," akamwambia. "Baridi ya mwezi huu mbaya. Kunywa kingali cha moto."

Tusekile akakinywa chote, akashukuru, akarudi ndani mikono mitupu.

Hiyo ilikuwa Mbeya ya mwaka hamsini na tano, mtaa wa Majengo, wakati ambapo mtu akinunua bati moja dukani kwa Mhindi asubuhi, jioni mtaa mzima unajua kama ni la jiko au la choo. Nyumba ya Tusekile ilikuwa na vyumba sita vilivyozunguka ua. Saulo aliijenga kwa dhahabu ya Chunya, aliyoitafuta miaka mingi katika vumbi na jua, na siku alipoezeka bati la mwisho alilala chali chini ya paa lake akalitazama mpaka chakula kikapoa. Hakuishi chini yake sana. Kifua kilimchukua, na Tusekile akabaki na vyumba viwili vya kulala na kupikia, vinne vya kupangisha, na binti mmoja, Atuganile, ambaye alikuwa ameolewa Tukuyu.

Msiba ulipotimiza mwaka, shemeji yake Gideoni alikuja kutoka Rungwe. Gideoni hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mzee wa kanisa la Moraviani, mwenye kahawa yake na watoto tisa, na sauti ya mtu aliyezoea kusoma matangazo ibadani. Alizunguka ua, akagonga kuta, akatazama dari, kisha akakaa kwenye kiti cha marehemu kaka yake.

"Shemeji, nyumba ya wapangaji si mchezo," alisema. "Mwanaume mzima akikuambia hana, utamfanya nini? Utamkunja shati? Afadhali niichukue mimi niisimamie, wewe urudi nyumbani Rungwe upumzike."

Tusekile hakutaka kupumzika. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mbili, na meno yake yote mdomoni.

"Nipe mpaka mwaka uishe," akamjibu. "Ukija ukakuta kodi ya kiwanja imelipwa, paa halivuji, na hakuna mpangaji ninayemdai, utaniachia nyumba?"

Gideoni akafikiri, akajikuna kidevu. "Nitakuachia."

"Mungu shahidi?"

"Mungu shahidi. Lakini nikikuta hata mmoja anadaiwa, usinilaumu."

Wakapeana mikono. Mapatano hayo Tusekile hakumsimulia mpangaji hata mmoja, aliona aibu. Verediana peke yake ndiye aliyejua, na alijua kwa sababu alikuwa amesimama nyuma ya mlango.

Ndipo Tusekile alipoanza kujifunza kubisha hodi. Haikuwa kazi ndogo. Mwanzoni alikuwa akifika mlangoni moyo unamwenda mbio kana kwamba yeye ndiye anayedaiwa. Lakini taratibu alizijua tabia za watu wake. Ezekia, karani wa serikali katika chumba cha kwanza, alilipa kwa noti mpya isiyo na mkunjo na kudai risiti yenye stempu. Verediana alilipa kwa sarafu zenye harufu ya mafuta, na hela yake ilikuwa haitoki mpaka kwanza umesikia habari zote za sokoni. Wale ndugu wawili Wasafwa wa chumba cha tatu, wauza viazi, walikuwa wakilipa wakicheka, na juu yake wanakuongezea viazi vya kula wiki nzima. Ilipofika mwezi wa Juni, ukungu wa mlima Loleza ukishuka mpaka kwenye mabati, Tusekile alikuwa anabisha hodi kama askari.

Kilichomshinda ni chumba cha nne.

Chumba hicho alikaa Joachim, fundi bati, Mhehe kutoka Iringa. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye vidole vyenye makovu madogo madogo ya mabati, ambaye alikuwa amefiwa na mke siku nyingi na hakuoa tena. Kutwa alikaa barazani akifua madebe ya mafuta ya taa, anayageuza kuwa taa, vibatari, karai, na ndoo za kumwagilia maua za wazungu wa mjini. Kazi hazikumwishia. Lakini kodi yake, shilingi kumi za mwezi, hakuwahi kuitoa yote kwa siku moja.

"Hodi, fundi."

"Karibu, Mama Atu. Karibu ndani, nje kuna baridi."

"Sikai. Nimefuata kile."

"Kile kipo." Anafungua kopo, anamwekea mkononi shilingi nne. "Nyingine Jumatano, Mungu akipenda."

Jumatano akija, anapewa tatu. Jumamosi mbili. Ile ya mwisho huja mwezi umebakiza siku chache, na kabla Tusekile hajapumua, mwezi mwingine umeandama. Na kila alipokwenda, fundi alikuwa ameshapangusa kigoda na kukitandika kitambaa, na chai iko tayari ndani ya kikombe cha bati alichokitengeneza mwenyewe. Tusekile anasema hakai, anakaa. Anasema kidogo tu, fundi anaanza kumweleza jinsi mawe makubwa ya Iringa yalivyosimama juu ya mji kama yanataka kudondoka na hayadondoki. Anamwuliza taa hii iwekwe mpini huku au kule. Anamfundisha kusalimia Kihehe, na yeye anamfundisha Kinyakyusa, na kila mmoja anamcheka mwenzake matamshi. Tusekile akirudi jikoni, anakuta maji ya ugali yamekauka na sufuria imeanza kulia.

"Mama Atu," Verediana alimwita siku moja akiwa anakanda unga, "kwa Ezekia ulikwenda na kilemba kile cha kupikia."

"Ndiyo, kina nini?"

"Hakina kitu. Naona tu kwa fundi umevaa kile cha kanisani."

"Kile kingine kimelowa."

"Haya," akasema Verediana, akaendelea kukanda. "Kimelowa."

Tusekile akakasirika, na hasira hiyo akaenda nayo moja kwa moja chumba cha nne.

"Fundi, hebu niambie ukweli. Wewe una shida gani? Nyundo yako naisikia tangu asubuhi mpaka jioni. Hela inakwenda wapi?"

Joachim akaweka nyundo chini. "Kazi ninayo, Mama Atu. Ila hela ya fundi ina tabia ya kuja kwa kuchungulia. Inachungulia, inarudi. Inachungulia, inarudi."

Tusekile alikusudia kufoka, lakini kicheko kilimtoka kabla ya neno, na akiisha kucheka hasira yenyewe hakuiona ilikokwenda. Alirudi na shilingi mbili.

Mvua za Novemba zilipoanza, paa la Saulo lilivuja. Tusekile aliamka akakuta mto umelowa. Kabla hajajua amwite nani, Joachim alikuwa ameshapanda juu, na siku nzima alishinda huko akibadilisha misumari na kuziba matobo, akatengeneza na mfereji mpya wa kupeleka maji kwenye pipa. Aliposhuka Tusekile akamwambia, "Basi, kodi ya mwezi huu usilipe. Tumemalizana."

"Hapana, Mama Atu. Paa ni paa, kodi ni kodi. Nitalipa."

"Lakini huna!"

"Nitalipa kidogo kidogo," akasema Joachim, akaondoka na ngazi yake begani. Tusekile akabaki amesimama kwenye tope akijiuliza ni maskini wa aina gani huyu anayekataa kusamehewa.

Mwanzoni mwa Desemba Atuganile alijifungua mtoto wa kike. Tusekile alikwenda Tukuyu kumlea mzazi, akakaa huko mpaka baada ya Krismasi. Aliporudi, kitu cha kwanza alichokiona ni kufuli kwenye mlango wa chumba cha nne, na baraza iliyofagiliwa, haina debe hata moja.

"Fundi yuko wapi?"

"Kaenda kwao Iringa," Verediana alimjibu. "Dereva mmoja wa lori alileta habari kwamba mama yake kaanguka, kavunjika mguu. Alikutafuta, hupo. Kasema nikuambie kodi yako ipo, usimpe mtu chumba."

Tusekile akakaa kwenye ngazi. Fundi alikuwa hajalipa Desemba, na nusu ya Novemba alikuwa bado. Naye Gideoni alikuwa ameshatuma salamu kwamba atafika Jumamosi ya kwanza ya Januari.

"Nitamfuata," akasema.

"Iringa?"

"Iringa siyo Ulaya. Basi la kampuni ya Reli linakwenda."

Verediana alimtazama, akaanza kuhesabu kwa vidole vyenye unga. "Mama Atu, nauli ya kwenda na kurudi inapita hiyo kodi yenyewe. Si uchukue tu hela ya nauli, ukamwambie shemeji yako fundi ameshalipa?"

Hilo Tusekile hakuwa amelifikiria. Lilikuwa wazo zuri, lisilo na kasoro. Akalitafakari kidogo, kisha akasimama akakung'uta kanga yake.

"Sitaki kudanganya mzee wa kanisa. Na tena siyo hela. Ni haki yangu."

"Haya," akasema Verediana, akigeuza uso ili asionekane anacheka. "Fuata haki yako. Kilemba cha kanisani kimekauka?"

Kesho yake alfajiri Tusekile alipanda basi, mwavuli mkononi na kikapu cha ndizi mbichi mapajani, maana hata mdai hawezi kwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Walishuka uwanda wa Usangu, wakapanda tena kwenye baridi, na kila kituo aliingia mtu mwenye kuku. Karibu na Nyololo mvua iliwakuta, basi likazama kwenye tope mpaka kwenye mhimili. Abiria wote walishuka kusukuma. Tusekile alisukuma pia, na lilipochomoka tope lilimrukia toka utosini mpaka kidoleni, watu wakapiga makofi, naye akajikuta anapiga makofi pamoja nao.

Walilala Nyololo, kwa mama mmoja mwenye vyumba vya wageni. Tusekile hakuweza kujizuia. Alikagua mlango, akakagua kitanda, akamwambia yule mama dirisha lake limekaa vibaya, moshi wa jikoni wote unaingia kwa mgeni. Asubuhi ilipobishwa hodi, "Mama, hela ya chumba tafadhali," Tusekile alishtuka, akaanza kupekua pindo la kanga kwa haraka. Ndipo alipojua jinsi mtu anavyojisikia upande ule mwingine wa mlango, akalipa na senti za juu.

Iringa aliingia mchana, jua limetoka, na yale mawe aliyosimuliwa yakiwa yamesimama juu ya mji vilevile kama yalivyosimuliwa. Aliulizia njia ya Kihesa, mtaa wa kina fundi, akapanda kilima taratibu. Kila aliyemwuliza fundi Joachim alimwonyesha kidole kule kulikokuwa kunasikika nyundo.

Nyumba ilikuwa mpya, ya tofali, na juu yake mtu mrefu alikuwa ameinama akipigilia mabati, mgongo ameupa barabara. Chini, uani, bibi mmoja alikuwa amekaa juani kwenye mkeka, mguu mmoja umefungwa mbao, anapukuchua mahindi.

Tusekile alikumbuka masomo yake ya Kihehe. "Kamwene, mama."

"Kamwene, mwanangu." Bibi akainua macho, akamtazama kuanzia kilemba mpaka viatu vyenye tope. "Wewe ndiye Mama Atu wa Mbeya."

"Umenijuaje?"

"Nani mwingine angekuja hapa na ndizi mkono mmoja, na uso wa kudai? Mimi ni Apolonia, mama yake. Kaa. Huyo huko juu akipiga nyundo hasikii kitu, tutaongea."

Tusekile akakaa, akatoa pole ya mguu, akatoa ndizi, akauliza habari za mvua na za mifugo. Yalipokwisha yote ya adabu, akasema lililomleta.

"Mama, sikuja kukusumbua katika ugonjwa. Ila mwanao namdai kodi ya mwezi mmoja na nusu."

Apolonia aliacha kupukuchua. Akaanza kucheka polepole, mabega yakitikisika, kisha akacheka kwa nguvu mpaka akaushika mguu wake kwa maumivu na bado anacheka.

"Joachim? Joachim adaiwe? Huyu kodi ya kichwa analipa kabla jumbe hajavaa viatu! Hii nyumba unayoiona nani kaijenga? Mabati haya kanunua nani? Tangu azaliwe mtoto huyu hajakopa hata chumvi."

Tusekile alitazama mabati. Yalikuwa mapya, yanang'aa, na yalikuwa mengi.

"Sasa mbona mimi ananilipa kwa kuchungulia?"

"Nilimwuliza hivyohivyo, alipokuja Pasaka. Maana kila akija hana habari nyingine, ni Mama Atu kasema hivi, Mama Atu kacheka vile. Nikamwambia, wewe, mlipe mwanamke wa watu hela yake. Unajua alinijibu nini?" Apolonia akamsogelea, akashusha sauti. "Akasema, mama, nikimlipa yote siku moja atashukuru, ataondoka, na sitamwona tena mlangoni kwangu mpaka mwezi uishe."

Upepo ulipita uani, ukapeperusha maganda ya mahindi. Tusekile alihisi uso umemwaka moto. Jumatano zote zile, Jumamosi zote zile, zikampitia kichwani moja baada ya nyingine, na kigoda chake, na kitambaa chake, na chai. Na vilemba. Alitaka kukasirika kwa kuchezewa mwaka mzima, akaitafuta hasira kila mahali, lakini hakuiona. Alichokiona kilikuwa kitu kingine, kimekaa kifuani kimetulia, na kilionekana kilikuwa hapo siku nyingi.

"Na wewe jina lako hasa nani?" Apolonia akamwuliza. "Huyu ananiambia Mama Atu tu."

"Tusekile."

"Maana yake?"

"Kwetu maana yake tumefurahi."

"Basi inuka ukamwambie ashuke," akasema bibi.

Tusekile akasimama, akaweka sawa kilemba, akaenda mpaka chini ya ngazi. "Fundi Joachim!"

Nyundo ikanyamaza. Kichwa kikachungulia ukingoni mwa paa, midomo imebana misumari.

"Mama Atu," akasema, na misumari yote ikadondoka.

"Nimefuata kodi yangu."

"Yote?"

"Yote."

Akashuka. Ngazi tatu za mwisho hakuzikanyaga. Walipokuwa wamesimama uso kwa uso, Tusekile akamweleza kile ambacho hakuwahi kumweleza: habari za Gideoni, na mwaka, na mapatano, na Jumamosi inayokuja. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa Joachim ulivyozidi kushuka.

"Sikujua," akasema. "Naapa sikujua. Ningejua ningekulipa mwaka mzima kwa mkupuo. Nilikuwa nafanya utani wangu mdogo, kumbe naitania nyumba yako." Akaingia ndani, akarudi na noti ya shilingi kumi na ya shilingi tano, akazitoa kwa mikono miwili. "Nisamehe, Mama Atu. Sidaiwi tena. Sasa huna sababu ya kubisha hodi kwangu."

Tusekile akazipokea. Akazikunja, akazifunga kwenye pindo la kanga. Akatazama kilima, akatazama mawe, akamtazama Joachim aliyekuwa ameinamisha kichwa kama mtu anayesubiri kusomewa hukumu. Kisha akalifungua lile fundo, akatoa noti ya tano, akamrudishia.

"Hii ya nini?"

"Ni nusu ya Desemba. Utanilipia Mbeya."

"Na shemeji yako?"

"Shemeji yangu niachie mimi."

Joachim aliigeuza ile noti kama hajawahi kuona noti. Tabasamu likaanza upande mmoja, likachelewa, likafika. "Nikulipe lini?"

"Jumatano shilingi mbili," akasema Tusekile. "Nyingine tutaona."

"Nimesikia!" akapaza sauti Apolonia kutoka kwenye mkeka. "Mimi ni shahidi, nimesikia!"

Siku mbili alizokaa Kihesa, majirani walikuja kumwona kama vile anayeugua ni yeye. Walimletea maboga, walimletea maziwa, na mzee mmoja alimletea ulanzi, pombe ya mianzi, ambao Tusekile kwa Umoraviani wake aliunusa tu, akasifu harufu. Kisha akarudi Mbeya, Joachim akibaki kumuuguza mama yake mpaka atakapoweza kusimama.

Gideoni alifika Jumamosi kama alivyosema. Alizunguka ua, akagonga kuta. Alitazama stakabadhi ya kodi ya kiwanja, akaitikia kwa kichwa. Akapanda kwenye kigoda akalitazama paa kwa ndani, sehemu zote, kwa maana ilikuwa inanyesha na hapakuwa na tone.

"Na wapangaji?"

"Watatu wamelipa. Wa chumba cha nne namdai shilingi tano."

Gideoni akashuka kwenye kigoda taratibu, uso umejaa huruma ya kweli. "Shemeji, tulipatana."

"Tulipatana. Ila alinilipa zote. Tano nimemrudishia mwenyewe, mkononi."

"Umemrudishia? Kwa akili zako?"

"Kwa akili zangu zote."

Gideoni alikaa. Nje ya mlango kitu kilianguka, na ilisikika sauti ya Verediana akijizuia kucheka. Mzee wa kanisa akatazama mlango, akamtazama shemeji yake, ambaye alikuwa amenyoosha shingo lakini vidole vikisokota pindo la kanga kama msichana. Hakuwa mjinga, Gideoni. Alikuwa ameoza mabinti wanne.

"Yule fundi Mhehe?" akauliza.

"Mhehe."

"Mkatoliki?"

"Mkatoliki."

"Anakunywa?"

"Ulanzi, ukiwa msimu wake."

Gideoni akaguna. Akainua tena macho juu. "Paa hili nani alilitengeneza?"

"Yeye."

"Akakulipisha ngapi?"

"Alikataa hata kusamehewa kodi."

Mvua ilipiga mabati, maji yakashuka kwenye mfereji kuelekea pipani. Halafu Gideoni aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa mfuko wake wa ngozi, akahesabu shilingi tano juu ya meza, moja moja.

"Basi," akasema kwa ile sauti ya matangazo. "Hakuna mpangaji anayedaiwa. Nyumba ni yako. Mungu shahidi."

Machozi yalimtoka Tusekile, na katikati ya machozi akasema, "Lakini shemeji, sasa nitabisha hodi kwake kwa kisingizio gani?"

"Hakuna tena kisingizio! Aje Rungwe na ng'ombe, tuzungumze kama watu wazima!" Gideoni akapiga meza, sarafu zikaruka. Kisha akaegemea kiti na kushusha pumzi ndefu. "Na nikuambie ukweli, shemeji. Mwaka mzima nimekuwa nikiomba ushinde. Ningefanya nini na wapangaji mimi? Mtu akiniambia hana, mimi ndiye wa kwanza kumwonea huruma."

Joachim alikwenda Rungwe na ng'ombe wawili, aliowafikisha kwa taabu kwa sababu mikono yake ilijua mabati, haikujua kamba. Padri aliomba ruhusa kwa askofu, ikatoka. Mchungaji alinuna majuma mawili, halafu akaja mwenyewe kuuliza harusi ni lini ili asiwe safarini.

Ilikuwa baada ya Pasaka. Ua wa Majengo ulijaa mpaka watu wakakaa juu ya pipa la maji. Atuganile alikuja na mtoto mgongoni, Gideoni na watoto wake tisa wote, na ndugu wawili Wasafwa walibeba magunia ya viazi kiasi ambacho hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuyamaliza. Mafundi bati wa mji mzima walileta madebe yao na kuyapiga mpaka Mhindi wa duka la kona akatoka barazani na wanawe kutazama. Ezekia alilegeza tai, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akamshika mkono Verediana, wakaingia uwanjani.

Apolonia alikuwa ameshuka kwenye basi jana yake na fimbo moja na kuku watano. Aliambiwa akae kitini, mguu bado haujakaza. Alikaa kwa wimbo mmoja. Ulipoanza wa pili alimkabidhi Gideoni fimbo, akaingia katikati ya duara akiwa ameshika kanga yake kwa mikono miwili, na Tusekile akavua viatu vyake vipya, akavitupa pembeni, akamfuata.